Quartzsite: Mji wa Nyumba Zinazobebwa

Katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Mto Colorado, pana mji mdogo wa jangwani uitwao Quartzsite. Majira ya joto huwafukuza watu. Lakini baridi inapoingia kaskazini, maelfu ya wasafiri huteremka hapo na kupiga kambi katika ardhi ya serikali iliyouzunguka mji. Wengi huja na nyumba zao. Miongoni mwazo ni zile zibebwazo na pikapu: kijumba chenye kitanda, jiko na tangi la maji, kinachokaa ndani ya bodi ya gari na kuinuliwa kwa jeki nne za pembeni.

Kwa mtazamaji, kazi ni nyepesi: gari hurudi kinyumenyume chini ya kijumba, jeki hushushwa, safari huanza. Lakini mzigo una adabu zake, na mwenye kusafiri na aila yampasa azijue.

Ya kwanza ni uzani. Kwenye mlango wa dereva pana kibandiko kielezacho kilo ambazo gari lile laweza kuchukua, watu na vitu pamoja. Muuzaji wa kijumba naye hutaja uzani wake, lakini aghalabu ni wa kijumba kitupu. Hapo mama wa nyumba ndiye mshauri mkuu, kwani ndiye ajuaye kilichopakiwa. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la lita 120 ni kilo 120. Ongeza mtungi wa gesi, masufuria, mchele, mablanketi na watoto wenyewe. Pikapu iliyotosha dukani yaweza kuzidiwa kabla haijatoka langoni. Kwa hivyo wenye busara hupakia kila kitu, kisha hupita mizanini, kama malori yetu yapimwavyo Mariakani.

Ya pili ni mahali uzito unapokaa. Watengenezaji hutia alama ubavuni mwa kijumba kuonyesha kitovu cha uzito, na alama hiyo yatakiwa iwe mbele ya ekseli ya nyuma. Ikiwa nyuma yake, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko, na usukani hautii vyema. Manahodha wetu wanalielewa hili: chombo kilicholemewa tezini ni taabu kukiongoza.

Ya tatu ni kufunga. Mkeka wa mpira hutandikwa chini kuzuia mtelezo, kisha kijumba hufungwa pembe zote nne kwa vyuma vya kukazia, vikashikizwa kwenye chesisi au bodi kama watengenezaji walivyoagiza. Baada ya mwendo mfupi dereva husimama akavikaza tena, kwa kuwa mtikisiko wa awali huvilegeza.

Mji huu una ushahidi wa kale wa elimu ya kupakia. Makaburini pake imesimama piramidi ya mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Hapo amezikwa Hadji Ali, aliyefika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi kutoka bandari za Bahari ya Kati. Ndimi za wenyeji ziligeuza jina lake likawa Hi Jolly. Mwaka 1857 ngamia hao walibeba shehena katika msafara wa kupima njia ya kuelekea California. Hadji Ali alifariki mwaka 1902, na piramidi ikajengwa 1935.

Ngamia aliyezidishiwa mzigo hunguruma, na huweza hata kukataa kuinuka. Pikapu haina ulimi. Hubeba kilichowekwa, ikaenda kimya kimya, hata tairi lililoshika moto lipasuke mteremkoni na watoto wamo garini. Ni nani basi wa kuisemea, ila yule aliyepakia?