Safari ya Mbinga hadi Ziwa Nyasa, miezi mitatu baada ya operesheni



Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi, hasa maharusi wa Mfunguo Mosi ambao magauni yao yalimaliziwa na fundi mwenzangu. Nilikuwa naumwa. Alhamdulillah sasa nimepoa, na baada ya Idi ya Mfunguo Tatu mume wangu alinichukua tukaenda kupumzika mbali kidogo: Mbinga, mkoa wa Ruvuma, halafu mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Nilikusudia niandike mambo ya safari tu, milima na picha. Lakini safari yenyewe haina maana bila maradhi, basi nitasema yote mawili. Wenye haya mnisamehe, humu tumo wanawake watupu.

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa fibroidi. Kwa karibu miaka miwili damu ilikuwa haikatiki. Siku zangu za kawaida ni sita. Zikawa kumi, zikawa kumi na nne, mwisho sikujua tena mwezi unaanza wapi. Buibui jeusi lilinisitiri sana jamani, wacha lisifiwe. Na tumbo likawa linakua. Mimi kazi yangu ni kupima watu viuno kwa utepe, kwa hiyo nilijua kabla ya daktari kuwa kiuno changu kimeongezeka inchi tano na sikuwa nimenenepa popote pengine. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kupimwa gauni la ndoa akanishika tumbo mbele ya wateja, akasema, "Hongera mwanangu, mwezi wa ngapi?" Nikamwambia, "Niombee dua, bibi." Alipotoka nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikashindwa kutia uzi kwenye sindano.

Hapa niseme na maharusi kidogo. Somo anakufundisha singo, udi, kufukiza nguo, namna ya kukaa na mume. Vizuri, na mimi nilifundwa hayo hayo. Lakini ni masomo wangapi wanaomwambia mwari ahesabu siku zake na kuziandika? Ukijua ada yako utajua siku ilipoharibika. Mimi niliweza kumwambia daktari tarehe kwa sababu nilikuwa naziandika nyuma ya daftari la oda, pamoja na vipimo vya watu. Na fibroidi si uchawi wala si adhabu. Ni uvimbe unaowapata wanawake wengi sana, sisi weusi zaidi, na kwa kawaida si saratani. Wengine hawahisi kitu maisha yao yote. Wengine hupata dawa, wengine hutolewa uvimbe peke yake na baadaye wakazaa. Mimi ulikuwa mwingi na mkubwa, damu imeshuka nikaongezewa chupa tatu, na baada ya mashauriano kizazi kikatolewa. Ilikuwa mwanzoni mwa Ramadhani. Nina binti mmoja wa miaka tisa. Hatakuwa na mdogo wake kwangu.

Jambo lililonichosha katika ile miaka miwili kuliko maumivu ni swala. Ukhti anayetusomesha darsa alinielekeza: siku zangu za ada ndizo hedhi, zinazozidi ni istihadha. Nioge, nijisitiri vizuri, na kila wakati wa faradhi unapoingia nitie udhu mpya. (Kwa hali yako wewe muulize mwenye elimu, maana mambo haya yana vifungu vingi.) Kwa hiyo adhuhuri udhu, alasiri udhu, magharibi udhu, isha udhu, na kila mara kujisafisha na kubadilisha kwanza. Niko kazini, wateja wamekaa, choo kiko nyuma ya duka la jirani. Sikuacha, namshukuru Mola. Lakini nilikuwa naswali huku nasikiliza mwili wangu badala ya kusikiliza ninachosoma.

Basi. Daktari alinikataza kunyanyua vitu vizito, na akanikataza cherehani ya kukanyaga kwa miguu mpaka aniruhusu. Fundi asiyekanyaga cherehani anakaa tu nyumbani, na ukikaa nyumbani watu wanakuja kukutazama, na wakija wanasema. Kutoka ukweni likanifikia neno kwamba mume wangu bado kijana, na mtoto mmoja si watoto. Shangazi yake mmoja akanitania usoni, "Sasa jizoeze kuitwa bi mkubwa." Nilicheka naye. Sheria imempa mwanamme ruhusa na mimi sibishani na sheria. Lakini kuijua ruhusa ni jambo moja, na kulala nayo kitandani kila usiku bila kuitamka ni jambo jingine. Mume wangu hakusema kitu na mimi sikuuliza. Tukawa tunazungumza habari za dawa na uji.

Wifi yangu ameolewa Mbinga. Yeye ndiye aliyeshika simu akasema leteni mgonjwa huku apate hewa. Tulivuka kwa boti mpaka Dar, tukapanda ndege mpaka Songea, maana basi ni zaidi ya kilomita 900 na mshono wangu haukuwa wa kuchezewa. Mume wa wifi alikuja kutupokea na gari. Kutoka Songea kwenda Mbinga ni kama kilomita 100, lami tupu. Unapita njia panda ya Peramiho, halafu unaanza kukutana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, marefu, yamefunikwa maturubai, na nyuma ya lori moja unaweza kukaa nusu saa. Mwenyeji wetu aliyazoea. Mimi nilikuwa nahesabu mashimo kwa tumbo.

Halafu milima ikaanza. Dada zetu walioko Uingereza kila mwaka wanatutumia picha za majani mekundu na ya manjano, wanasema njooni muone. Mimi nawaambia Juni nendeni Umatengo. Mvua zimekwisha, majani ya vilimani yamegeuka rangi ya dhahabu, mahindi yamekauka shambani, na kahawa inaiva. Matunda yake ni mekundu kama shanga, yamejibana kwenye kijiti pamoja na mabichi ya kijani, kwa sababu hayaivi yote siku moja. Kwa hiyo wachumaji wanarudi kwenye mti ule ule mara nyingi, wanachagua moja moja. Ikishamenywa na kuoshwa inaanikwa juu ya vichanja, na mbele ya nyumba nyingi kina mama wamesimama wanaigeuza kwa mikono, wanatoa mbovu. Tuna kahawa yetu Unguja ya vikombe vidogo barazani, lakini sikuwahi kuuona mti wenyewe umebeba.

Na baridi! Kwetu kipupwe ni shuka moja usiku. Mbinga nilivaa sweta ndani ya buibui na soksi mbili, na wifi akaniwekea jiko la mkaa karibu na kiti mchana. Mwenye kwenda fungate huko asidanganyike na neno "kusini", achukue nguo nzito.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni mashamba. Kwa mbali mlima mzima unauona una vishimo vya mraba vimepangana, kama sega la nyuki, au kwa macho yangu kama godoro lililoshonwa vibonde. Wanaita ngolo. Wamatengo wanalima hivyo tangu zamani sana, kabla ya wakoloni. Wifi alinipeleka kwa jirani yake, bibi mmoja anayelima mwenyewe, akanionyesha. Majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati unachimbwa na kufunikia yale majani. Pale ulipochimba panabaki shimo, na kingo zinazozunguka ndizo zinazopandwa maharage, msimu mwingine mahindi. Mvua ikinyesha maji hayateremki na udongo, yanatulia kwenye shimo. Majani yaliyofukiwa yanaoza yanakuwa mbolea. Kufyeka ni kazi ya wanaume, kufukia ni ya wanawake.

Nikamuuliza bibi, na hapa kwenye shimo unapanda nini? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Shimo halipandwi, mwanangu. Shimo ni la maji."

Siku ya tatu mume wa wifi akatupa funguo, binti yetu akabaki na binamu zake, tukaenda Mbamba Bay wawili. Ni kilomita 66 tu, na barabara ni mpya, lami, lakini usiwe na haraka. Njia inajikunja mlimani kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine chini kabisa unaona bati la nyumba ya mtu. Mume wangu amezoea barabara za Unguja ambazo mlima wetu ni tuta. Aliendesha kashika usukani kwa mikono miwili, hasemi. Kadiri tulivyoteremka nikavua soksi, kisha sweta. Migomba ikapungua, miembe ikaanza, joto likarudi kama la kwetu.

Kwenye kona moja ziwa likaonekana. Nilidhani ni mbingu imeteremka, kwa sababu ng'ambo ya Malawi haikuonekana siku ile, buluu imeungana na buluu. Akaegesha pembeni. Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa Afrika, na kina chake mahali pengine kinafika karibu mita 700. Lakini pale juu lilikuwa limelala kimya kama kitambaa kilichopigwa pasi. Upepo unapiga. Sijui kwa nini nilichagua pale. Nikamwambia bila kumtazama, "Kama unataka kuoa niambie wewe mwenyewe. Nisije nikaisikia Darajani."

Akakaa kimya muda mrefu. Alikuwa na chungwa mkononi, akaendelea kulimenya mpaka ganda likatoka zima.

"Ni kweli nimesemeshwa," akasema. "Nimewajibu waniache nikuuguze."

"Na ukishaniuguza?"

"Hujapona. Jana umepanda kile kilima cha bibi ukapumzika mara mbili."

"Sikuulizi kilima."

Akanigawia nusu ya chungwa. "Sina nia hiyo. Ingekuwapo ningekwambia nyumbani, nisingekusafirisha huku kote nikutie uchungu mbele ya ziwa. Na hilo jina la bi mkubwa usilichukie. Bi mkubwa asiye na bi mdogo ni cheo cha bure, hakina kazi."

Nikacheka mpaka mshono ukauma, nikajishika tumbo. Sijui ya miaka kumi ijayo, wala yeye hajui, elimu hiyo ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini neno lilikwisha kutoka, na tulipoingia tena garini akawasha redio, jambo ambalo hakulifanya tangu Mbinga.

Mbamba Bay ni mji mdogo umejificha kwenye ghuba, vilima nyuma, mawe makubwa ya mviringo ufukweni, mchanga mweupe. Wanawake wameanika usipa juani, samaki wadogo kama dagaa, wanang'aa fedha tupu. Watoto wanaosha vyombo majini. Tulimuuliza mhudumu wa nyumba ya wageni kama mtu anaweza kuingia maji, akasema tukae mbali na penye matete. Sisi watu wa visiwani kichocho hatuhitaji kuelezwa, basi nilitosheka kutazama. Kilichonichezea akili ni ukosefu wa chumvi. Upepo unakuja kutoka majini, unasikia mawimbi, unalamba midomo, hakuna kitu.

Jioni nilitia udhu bombani nikakaa kibarazani. Huko jua linazama ziwani, linaingia majini jekundu kama zile kahawa. Tukaswali magharibi. Tungeweza kuunganisha na isha maana ni wasafiri, lakini mume wangu alitaka tuswali kila moja kwa wakati wake, tumetulia na hatuna haraka. Wakatuletea mbasa wa kukaanga na ugali. Tukala, nikanawa, tukazungumza habari za binti na ada ya skuli na kama ninunue cherehani ya umeme ili nisikanyage tena. Yeye anasema tununue, mimi nasema bei.

Wakati wa isha ukaingia. Nikainuka kama nilivyozoea kwenda kujisafisha na kutia udhu, nikafika mlangoni nikasimama. Nikajihesabu. Sikwenda haja, sikulala, sikutokwa na chochote. Sisi Mashafi kugusana mke na mume kunatengua, lakini chungwa lilikuwa la mchana, kabla sijatia udhu. Nikarudi kibarazani.

"Mbona umerudi?" akauliza, akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka.

Nikaruka nyuma. "Usiniguse. Ninao."

"Unao nini?"

"Udhu. Ule wa magharibi."

Akauteremsha mkono taratibu, akashika kiti akainuka mwenyewe, akaenda kutandika miswala.