Njia ya Kilimani, Arnside na Songwe

Arnside Knott ina mita 159 tu, lakini kati ya vilima vyote vya chokaa huku kaskazini-magharibi mwa Uingereza ninakoishi, hicho ndicho nikipendacho. Unashuka kwenye treni Arnside, unafuata kibao cha njia ya miguu, unapita malisho ya mtu usiyemjua, unafungua geti na kulifunga nyuma yako. Hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Sheria ya mwaka 1949 iliagiza njia za namna hiyo ziandikwe kwenye ramani rasmi. Mkulima akilima juu ya njia ya kukatiza shamba, lazima airudishe. Haki ya kutembea mashambani na milimani ilipiganiwa. Mwaka 1932 mamia ya watu, wengi wao wafanyakazi vijana, walipanda mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi, na watano wakatupwa jela.

Nyumbani Mwanjelwa, jijini Mbeya, Tanzania, ukitaka mwamba wa chokaa unapanda daladala hadi Mbalizi, kisha Songwe. Huko chokaa ni riziki: kiwanda cha saruji kipo, na wananchi wanachoma mawe kwenye matanuru ya kuni. Anayepanda kilima ana jembe begani, au mzigo wa kuni, au anakatiza kwenda kijiji cha pili. Ukifika kando ya mahindi ya mzee unasimama. Shikamoo. Marahaba, habari za utokako? Watoto hawajambo? Salamu hiyo ndiyo ruhusa yenyewe, na msimu ukiwa mzuri huondoki bila hindi la kuchoma. Arnside nako watu husalimiana, kwa upole, ila kwa neno moja na kila mtu anashika njia yake. Ninakumbuka sana kule kusimama.

Lakini salamu inahitaji mtu wa kusalimiwa. Mashamba ya pembezoni mwa Mbeya yanapimwa viwanja. Mnunuzi anaishi mbali, anajenga ukuta, na njia waliyopita bibi zetu inaishia kwenye tofali. Ni vigumu kumshtaki, maana njia haikuandikwa popote.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, nao mkutano mkuu wa kijiji una kauli. Ndugu zangu wa Songwe na Mbeya Vijijini, wapimaji wakija, watembezeni kwanza kwenye njia za miguu, ziingie kwenye ramani kabla bikoni ya kwanza haijafukiwa.