Fungu, Posho na Riziki Yetu

Sisi tunaohudumu madhabahuni tunatamka maneno ya kugawa mara nyingi kuliko tunavyotambua. Jumapili moja inatosha kuonyesha. Tunatangaza fungu la kumi, tunaomba riziki katika Sala ya Bwana, na ibada ikiisha kamati inakaa, na mtu mmoja ananong'ona akiuliza kama kuna posho. Maneno hayo yote yanahusu kiasi anachopata mtu. Lakini kila neno linamwambia mpokeaji jambo tofauti kuhusu yeye mwenyewe, na kwa sababu hiyo yafaa tuyaangalie kwa utulivu.

Tuanze na posho. Siku hizi ni fedha ya kikao au ya safari. Zamani ilikuwa chakula: kipimo cha nafaka alichopewa mpagazi, askari au kibarua ili aweze kuishi. Hata leo ndugu zetu wa Uganda wakisema posho wana maana ya ugali wa mahindi. Waliotafsiri Biblia ya Union walilichagua neno hilo katika Luka 12, Bwana Yesu anapomzungumzia wakili mwaminifu aliyekabidhiwa watumishi wa nyumba ili kila mmoja apate chakula chake kwa wakati. Tuangalie mkono wa nani unatoa. Katika mfano ule kiongozi ndiye anayegawa posho, na kipimo cha uaminifu wake ni kama watumishi wamekula. Kwetu leo, tukisikia posho, twauliza kwanza viongozi watapata kiasi gani.

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka pwani kwenda bara, walizoea kupimiwa kibaba cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne ni pishi moja. Sasa tufungue Kutoka 16, habari ya mana. Kipimo ambacho Waebrania walikiita omeri, Biblia yetu ya Union inakiita pishi, nacho kilitolewa kwa kila kichwa. Mswahili wa enzi hizo aliyezijua posho za misafara angeshangaa aliposikia habari hiyo: watu waliotoka utumwani, wasio na shamba wala ghala, kila mmoja anapata mara nne ya mpagazi! Na Mungu hakuhesabu nyumba wala ukoo. Alihesabu vichwa, hata kichwa cha mtoto mchanga. Aliyeokota kingi na aliyeokota kidogo walipopima, wote walikuwa na cha kuwatosha. Aliyeficha cha kesho alikuta kimeingia mabuu.

Neno fungu tunalijua sokoni. Mama anapanga nyanya tano tano juu ya gunia, kila fungu na bei yake, na ukimnunulia mara kwa mara anakuongezea moja. Nyongeza hiyo inatoka moyoni mwake. Lakini wakulima wanajua pia lumbesa: gunia linaloshonewa kichwa juu hadi linazidi kipimo, huku mnunuzi akilipa bei ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku, na bado inasikika vijijini. Bwana alipofundisha juu ya kipimo kilichoshindiliwa na kumwagika, alikuwa anamwambia yule anayetoa. Kipimo kile kile kikidaiwa na mwenye nguvu kutoka kwa mnyonge, ni wizi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kiasi. Lazima tuulize pia ni nani aliyeshika kipimo.

Swali hilo lilitufikia miaka kadhaa iliyopita, katika usharika wa nyanda kavu tuliokuwa tunautumikia. Mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa yanatoa mbelewele. Marafiki wa usharika walituletea magunia 40 ya kilo 100, yaani kilo 4,000. Baraza la wazee likakaa kupanga. Pendekezo la kwanza lilikuwa tutumie daftari la bahasha: aliyetimiza ahadi yake ndiye atangulie. Lilikuwa na mantiki yake, kwa kuwa waliotoa kwa uaminifu nao walikuwa na njaa. Mama mmoja wa Umoja wa Wanawake akasimama akasema, "Wazee wangu, jua hili halikuchagua mashamba ya wenye bahasha." Kikao kikanyamaza.

Pendekezo la pili lilikuwa kugawa kwa kaya. Kaya zilikuwa 160, pamoja na majirani wasio wa kanisa letu, kwa hiyo kila moja ingepata kilo 25. Ilionekana haki mpaka tulipoanza kuwataja watu. Nyumba ya mzee na mkewe ingepata sawa na nyumba ya bibi mjane anayelea wajukuu sita. Tulisoma Kutoka 16 pale pale, tukakubaliana kuhesabu vichwa. Vilikuwa 800. Kila kichwa kilo 5. Bibi yule kilo 35, mzee na mkewe kilo 10.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Familia moja iliyotoa sana kwa ujenzi wa kanisa iliona imedharauliwa, na kwa miezi mingi viti vyao vilibaki wazi. Tuliwatembelea, tukaongea, tukaomba pamoja. Hatuwezi kusema yote yalikwisha.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo lilihusu neno. Tangazo la kwanza mlangoni liliandikwa "Msaada kwa Wasiojiweza". Bibi yule hakuja. Alituma ujumbe kwamba yeye ana mikono na jembe, si ombaomba. Mzee wa kanisa akalibandua tangazo, akaandika "Mgao wa Usharika". Vijana walicheka, maana kwetu mgao ni kukatiwa umeme. Kisha mzee akaenda mwenyewe nyumbani kwa bibi. "Shikamoo bibi," alisema. "Hatujakuletea msaada. Fungu lako lipo, na wajukuu wana mafungu yao. Tumekuja kuomba ukachukue." Bibi akauliza, "La kwangu kweli, au mnanihurumia?" Akajibiwa, "La kwako. Jina lako limo pamoja na letu." Akafunga kanga, akaja.

Mahindi yalikuwa yale yale. Neno la kwanza lilimfanya awe mtu wa kuhurumiwa. Neno la pili lilimweka ndani ya hesabu ya watu wa Mungu.

Hapo tunafika kwenye riziki. Ni neno tulilo nalo pamoja na jirani zetu Waislamu, na wote tunakiri kwamba mtoaji wake ni Mungu. Katika ombi la nne Bwana hakutufundisha kuomba riziki yangu. Alitufundisha kusema yetu. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi hilo hataji chakula tu. Anataja nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, mwenzi mwema, serikali njema, hali nzuri ya hewa, afya, hata majirani waaminifu. Jirani ni sehemu ya riziki! Basi nikila na kusaza huku jirani yangu analala njaa, nimeiharibu riziki yangu mwenyewe.

Usharika wenyewe ni neno la kugawana, ndugu mmoja na kushiriki na ushirika. Tukikaribia Meza ya Bwana, askofu na mtoto aliyebarikiwa kipaimara jana wanapewa mkate ule ule. Hakuna anayeulizwa bahasha. Hakuna anayeongezewa kwa cheo. Hayo si posho ya kazi tuliyofanya wala msaada wa kutuaibisha. Ni fungu letu, lililonunuliwa kwa damu ya Kristo, nasi tunalipokea kwa mikono mitupu.

Tukitoka mezani hapo, tuingie katika vikao vyetu na orodha zetu. Kabla ya kupanga kiasi, tusome majina kwa sauti na kuuliza ni nani hayumo. Kisha aende mmoja wetu, abishe hodi nyumbani kwake.