Mafuta Yalishuka, Mshipa Ukazidi Kuziba

Akina mama wenzangu, mume wangu alimeza vidonge vya kushusha mafuta ya damu mwaka mzima. Kipimo kikawa kizuri, tukamshukuru Mungu. Kumbe kila akibeba tenga la samaki gatini Nyamisati kifua kilimbana, naye akanificha!

Daktari alikuta mshipa wa moyo umezidi kuziba. Dawa hupunguza mafuta, alisema, lakini sigara na shinikizo la damu huendelea kuujeruhi ukuta wa mshipa, na mafuta yaliyobaki huganda hapo. Presha ilikuwa 170 kwa 100. Nilinyamaza. Ng'onda wa chumvi kutoka Delta nilimpikia mimi, karibu kila jioni.

Tumerudi Kibiti. Vidonge anaendelea navyo, sigara ameacha. Ng'onda bado tunagombana.