Mwanangu anataka mashine ya biti ya milioni moja na laki mbili

Tarehe 8 Oktoba 2024, kampuni ya Ableton ya Berlin, Ujerumani, ilitangaza kifaa kipya cha kutengenezea muziki kinachoitwa Move. Wiki haijaisha, habari ikawa imefika Itumba, wilayani Ileje, mpaka jikoni kwangu. Aliyeileta ni mwanangu wa kidato cha tatu, simu mkononi, video ameisimamisha pale pale anapotaka mama yake aangalie.

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna kijana anayegonga meza kwa vidole wakati wa kula, ombi kama hili linaweza kukufikia na wewe.

Wenye fani huviita vifaa vya aina hii gruvuboksi. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1996, kampuni ya Roland ya Japani ilipotoa mashine yake ya MC-303. Kwa lugha ya nyumbani ni kisanduku cha midundo. Ngoma, besi, kinanda na cha kurekodia vimo ndani ya kitu kimoja. Unabonyeza, mashine inakariri ulichobonyeza na kukirudia, unaongeza kingine juu yake, mpaka biti inasimama. Kuanza hakuhitaji kompyuta.

Sijakishika kifaa chenyewe. Nimetazama video na kusoma maelezo ya kampuni mara tatu, mara moja mtoto akiwa shuleni ili nisome bila kusukumwa. Lakini nimeimba kwaya miaka mingi, sauti ya pili, na masikio ninayo.

Urefu wake ni kama sentimita 31, yaani kinaizidi kidogo sana rula ya shule. Uzito haufiki kilo moja. Kinaingia kwenye begi la madaftari na kubaki na nafasi. Juu kina vibonyezo laini 32 vinavyowaka rangi, na ukikandamiza zaidi kidole sauti nayo inabadilika. Chini yake kuna mstari wa vibonyezo 16 vya kupangia mdundo, kuna visu vya kuzungusha, na kioo kidogo chenye maandishi meupe tu. Betri inachajiwa kwa waya kama wa simu za siku hizi.

Kilichonivutia kwanza ni hicho kioo kidogo. Simu anayotengenezea biti mwanangu ndiyo hiyo hiyo yenye WhatsApp, TikTok na matokeo ya mpira. Anatumia BandLab, programu ya bure, na kwa kweli anafanya vitu vya kushangaza humo. Lakini nikipita mlangoni saa nne usiku ninachoona ni mtoto ameinama kwenye simu, hedifoni masikioni. Anapanga besi au anatazama vichekesho? Ukiwa mlangoni vinafanana. Nyumba ngapi zinagombana kwa sababu hiyo? Kwetu baba yake hukusanya simu zote saa tatu na nusu siku za shule, na mara nyingi mtoto husema, "Baba, nilikuwa katikati ya kazi." Inawezekana ni kweli, inawezekana si kweli. Kisanduku hiki hakipigiwi simu wala hakina vichekesho. Akikishika, anafanya muziki.

Cha pili ni spika. Imo ndani yake, pamoja na kipaza sauti. Watu wa studio labda wataidharau spika ya ukubwa huo, lakini mimi naitazama kwa jicho la mzazi. Mtoto anayetengeneza muziki bila hedifoni anasikika. Dada yake atacheza, bibi atauliza ni kelele gani hiyo, na mimi nitajua wimbo umefikia wapi bila kumpekua. Hicho kipaza sauti nacho kina maana yake. Unarekodi chochote kilichoko mbele yako, kisha unakipiga kwa vidole kama ngoma. Kwenye video walirekodi vitu vya kwao. Mimi nilifikiria kinu, mvua juu ya bati, mashine ya kumenyea kahawa na ile milio ya vigelegele vya mama mkwe. Hapo ndipo mwanangu alipoanza kutabasamu, akidhani ameshinda.

Lalamiko lake mwenyewe lilikuwa moja: kifaa kina njia nne tu. Yaani vitu vinne vinaweza kwenda pamoja, mathalani ngoma, besi, kinanda na sauti ya mtu. Kwenye simu anapanga tabaka nyingi zaidi. Nikamwuliza kwaya ina sauti ngapi. Soprano, alto, tena, besi. Nyimbo zilizowaliza watu makanisani zimetosheka na nne. Biti zake nyingi zina kasoro hiyo hiyo, vitu vimejaa mpaka husikii kilicho kizuri. Hilo nimeshamwambia na hakulipenda.

Sasa bei. Kampuni ilikitangaza kwa dola 449. Kwa kiwango cha Oktoba 2024 ilikuwa kama shilingi milioni moja na laki mbili, na hapo bado nauli ya mzigo na ushuru. Baba yake aliposikia aliweka kikombe chini. "Hizo ni bati za chumba kizima," alisema. Sisi ni watu wa kahawa, na fedha ya kahawa haiji kila mwezi kama mshahara. Inakuja kwa msimu, na kabla haijafika imeshagawanywa: mbolea, karo ya mkubwa aliyeko chuo, deni la duka. Mwakani huyu huyu anaingia kidato cha nne.

Bei si kikwazo pekee. Kampuni yenyewe inasema betri hufika saa nne, na umeme wa kwetu una siku zake. Kikiharibika, mafundi wa Tunduma ninaowajua ni hodari wa simu na redio, lakini kifaa kigeni kama hiki nani ameshakifungua? Halafu kuna jambo ambalo matangazo hulipitia haraka. Move imetengenezwa ikae pamoja na vitu vingine vya kampuni hiyo. Inakuja na toleo dogo la programu yao ya Live, ambalo ni la kompyuta, na kompyuta hatuna. Programu yao ya simu inayoendana nayo, inayoitwa Note, ni ya iPhone na iPad tu. Vijana wangapi wa Ileje wana iPhone? Kwa hiyo biti ingeanzia kwenye kisanduku vizuri, kisha ikifika wakati wa kuimalizia ingekwama kwenye kisanduku.

Mtoto alikuwa na hoja yake, na alistahili kusikilizwa. Alisema maprodyuza wote wakubwa wana vifaa. Tukaanza kuhesabu pamoja. Bongo Fleva ilikulia kwenye studio za Dar es Salaam, kama Bongo Records ya P-Funk Majani na MJ Records ya Master J. Siku hizo kijana ndiye aliyekwenda studio, kwa sababu studio haikuweza kuingia kwenye begi lake. Baadaye singeli ilitoka uswahilini, kwenye vyumba vidogo kama studio ya Sisso pale Mburahati, na kilichotumika sana humo ni kompyuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na midundo ile ikasikilizwa mpaka Ulaya. Hawakusubiri mashine ya Berlin.

Alinyamaza, kisha akasema neno ambalo bado ninalo kichwani. "Lakini mama, wao wako Mburahati."

Ana haki. Kijana wa Mburahati akikwama anavuka uchochoro mmoja na kumkuta mwenzake anayejua. Hapa Itumba akikwama anamwuliza nani? Anayo video ya Kiingereza inayokwenda mbio, na bando linalokwisha kabla mwalimu hajafika kwenye jibu. Ndiyo maana kifaa kinamvutia kiasi hiki. Anaona kama mwalimu amefungwa ndani yake. Mimi sioni hivyo. Vibonyezo 32 vitamwonyesha sauti nyingi, lakini havitamwambia kwa nini besi yake inagombana na kinanda.

Kwa hiyo nimeanzia huko. Mpiga kinanda wa kwaya yetu amekubali mtoto akae naye siku mbili kwa wiki baada ya mazoezi. Hatozi fedha, anataka tu mtu wa kubeba spika. Wiki ya kwanza mtoto alirudi amenuna kwa sababu alifundishwa mambo ya funguo na kuhesabu, hakuna biti. Wiki ya pili alichelewa kurudi. Nilimkuta bado amekaa kwenye kinanda, taa imewashwa, mwalimu wake ameshachoka na kuketi kwenye benchi.

Kuhusu fedha, laptop iliyotumika inapatikana Tunduma chini ya nusu ya bei ya kile kisanduku. Hiyo itafaa na kwa masomo, na baba yake hakuikataa. Alisema tuzungumze malipo ya kahawa yakikamilika. Nimemwambia mtoto wazi kwamba Move haitanunuliwa mwaka huu, na sikumwahidi mwakani, kwa sababu ahadi ya namna hiyo mtoto huihesabu kama deni. Alitoka nje. Jioni ile hakula nasi, na mimi sikumwita mara ya pili.

Siku mbili baadaye alikuja na simu, akaniomba niimbe sauti ya pili ya wimbo mmoja wa kwaya, peke yake, bila wengine. Ukiimba alto peke yake inakuwa kama mtu anayejibu maswali yasiyosikika. Nikaimba. Aliikatakata kwenye ile programu yake ya bure, akaweka ngoma chini, akanirudishia nisikilize. Ngoma bado zimezidi. Ila pale katikati alipoziondoa zote na kuacha sauti tupu, nilimwambia arudie.

Nyuma ya mlango wa chumba chake kuna karatasi mpya. Ameandika bei mbili, ya laptop na ya Move. Zote mbili amezipigia mstari.