Masikio ya Simbakubwa

Baba yangu alifariki bila kuacha picha. Ile moja aliyokuwa nayo iliharibiwa na maji mafuriko yalipoingia nyumbani kwetu katika uwanda wa Kano. Tulipotaka kuandaa kumbukumbu yake, tulimwendea mchoraji mmoja wa mabango mjini Kisumu. Mchoraji huyo hakuwahi kumwona marehemu. Aliwahoji shangazi zangu, kisha akaniomba mimi niketi mbele yake. Alipomaliza, mama aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema: "Uso huu si wake. Lakini masikio ni yake." Masikio yale mchoraji aliyatoa kwangu.

Tukio hilo hunijia kila ninapotazama michoro ya wanyama waliotoweka. Sisi wa fasihi tumezoea kuiachia sayansi michoro ya aina hii, kana kwamba usawiri huanza pale tu penye maneno. Nadhani tunakosea. Mfupa ni matini yenye mapengo, na mchoraji ni msomaji anayelazimika kuyajaza mapengo hayo hadharani.

Historia ya dinosaria inathibitisha jambo hili. Katika sanamu zilizosimamishwa Crystal Palace, London, mwaka 1854, Iguanodon aliwekewa pembe puani. Baadaye ilibainika kwamba "pembe" ile ni mwiba wa kidole gumba. Mifupa ya dinosaria mkubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi hadi Lindi, iliunganishwa Berlin mwaka 1937 kwa namna iliyompa mnyama miguu ya mbele iliyopindika na mkia ulioburutwa chini kama wa mjusi. Mwaka 2007 aliunganishwa upya: miguu ikanyooshwa, mkia ukainuliwa. Mabadiliko hayo yalitoka kwa wasomaji wa mifupa, waliokuwa wameacha kumwazima mjusi na kuanza kuwaazima wanyama wengine, ndege wakiwamo.

Huku kwetu Nyanza hatuna dinosaria. Dinosaria wasio ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ilhali miamba ya Rusinga, ambako Mary Leakey aligundua fuvu mashuhuri la sokwe wa kale mwaka 1948, ina umri wa takriban miaka milioni 18. Hata hivyo, tunaye kiumbe anayelidai somo hili kuliko dinosaria yeyote. Mabaki yake yalichimbwa Meswa Bridge, si mbali na Muhoroni, yakahifadhiwa kwa miongo kadhaa katika droo za makumbusho ya Nairobi, na mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens wakamtangaza kwa jina la Simbakubwa kutokaafrika. Kilichopatikana ni sehemu kubwa ya taya la chini, kipande cha taya la juu, na mifupa michache ya mwili.

Msomaji wa Kiswahili hulielewa jina hili kabla hajaelezwa lolote, na hapo ndipo penye mtego. Kiumbe huyu hakuwa simba, wala hakuwa wa ukoo wa paka. Alikuwa hayenodonti, kundi la wala nyama ambalo limetoweka lote bila kuacha mzao. Jina, basi, ni sitiari, na sitiari hiyo imeshafanya kazi kabla ya brashi kugusa rangi. Katika mchoro wa Mauricio Antón uliosambaa mwaka huo, mnyama anaonekana kando ya umbo la binadamu, ana manyoya, ana masikio. Meno yake yalichimbwa, masikio hayakuchimbwa.

Hata tarakimu hazikuepuka uazimaji huu. Uzito wake ulikadiriwa kuanzia takriban kilo 280 hadi karibu kilo 1,500, kutegemea ni wanyama gani waliotumiwa kuunda kanuni ya kukokotoa. Magazeti yalipenda tarakimu ya juu. Lakini hayenodonti walikuwa na vichwa vikubwa kwa kulinganisha na miili yao. Kwa hiyo anayepima jino na kumfikiria simba huenda akaongeza mwili ambao haukuwapo.

Simlaumu mchoraji. Mchoro usiojazwa hauonyeshi mnyama. Wazee wetu wa Gwassi nao, wakioneshwa mwamba ufukweni, humjaza Nyamgondho mvuvi humo, na fimbo yake, na ng'ombe waliorudi ziwani. Ila masimulizi hayo yana kinga ambayo mchoro hauna: msimulizi yuko mbele yetu, na mtoto anaweza kumkatiza na kuuliza, "Umejuaje?" Mchoro huja umekamilika, na sehemu iliyochimbwa na ile iliyoazimwa zote zimepakwa rangi ileile. Kwa hiyo kazi ya mhakiki si kuuliza kama picha ni ya kweli. Ni kuuliza kila kiungo kimeazimwa kwa nani, na kwa nini kwa huyo na si kwa mwingine.

Kwa imani hiyo nilichukua penseli, nikaandika nyuma ya picha ya baba: paji na macho, kwa maelezo ya shangazi, pua, ubunifu wa mchoraji, masikio, ya mwanawe. Nilimsomea mama maandishi hayo, nikidhani ninamwondolea udanganyifu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na wewe, mwanangu," akaniuliza, "hayo masikio uliyapata kwa nani?"

Sikuwa na jibu, wala sikuyafuta maandishi. Simbakubwa hana mwana wa kuketi mbele ya mchoraji.