Kosa Alilolisikia Peke Yake

Mpenzi msomaji, umewahi kuisikia sauti yako mwenyewe ikitoka redioni? Kama bado, ngoja nikusimulie kisa cha kijana mmoja mwimbaji, mzaliwa wa Nakalale, kule Turkana, ambaye nusura aache kuimba kwa sababu ya mahojiano ya dakika 12.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi redioni mjini Lodwar, stashahada yangu ya uanahabari ingali mpya. Kijana huyo alikuwa akiishi Kakuma, na alikuja kwa lori, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Alikuwa akiimba nyimbo za maksai. Kwa Waturkana, mwanamume humtungia wimbo maksai wake ampendaye, akamsifia rangi na pembe zake. Yeye alikuwa amezitia nyimbo hizo gitaa.

Nje ya studio alikuwa mcheshi ajabu. Taa nyekundu ilipowaka, ulimi ukamkauka. Nami, badala ya kumtuliza, nikamrushia maswali matatu kwa pamoja huku nikiitazama saa. Akajibu kwa mkato, akasema "ng'ombe yangu", akanyamaza. Tulipomaliza, aliomba kusikiliza kidogo yaliyorekodiwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni. Hakuwa amelala.

"Dada, tafadhali futa ile kanda," aliniambia. "Sauti ni kama ya mtoto, Kiswahili kimenishinda, na mjomba aliyenifundisha kuimba sikumtaja. Nitaimbaje tena mbele ya watu?"

Msomaji wangu, yatazame malalamiko hayo matatu, maana hayalingani hata kidogo.

La kwanza, sauti. Unapozungumza, sauti yako hukufikia kwa njia mbili: kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa chako. Mifupa hiyo huifanya isikike nene zaidi. Mashine hunasa ile ya hewani tu, ndiyo maana ukijisikia unadhani ni mtu mwingine. Wenzako wamekuzoea hivyo hivyo siku zote!

La pili, lugha. Mwaka wa 2000, Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa kuchekesha. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, jambo la kumwaibisha kijana, kisha akaingizwa chumbani mwa wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo waliitambua picha hiyo. Kumbe ni kama robo tu! Naam, kila mtu ana shughuli zake. Hatutazami aibu ya mwenzetu kwa makini anavyodhani.

Lakini la tatu lilikuwa deni la kweli. Mkufunzi wako ukimsahau, unajua moyoni, na hakuna utafiti utakaokuliwaza.

Basi sikuifuta kanda. Nilimrudisha studio, nikazima taa ile nyekundu, nikamwomba amsimulie mjomba wake kana kwamba ameketi pale mbele yetu. Alizungumza kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili, bila kukwama. Tukaiongeza sehemu hiyo. "Ng'ombe yangu" ikabaki palepale.

Kipindi kikapeperushwa jioni. Alinipigia simu baadaye, akicheka. Jamaa zake wa Kakuma walikuwa wamekusanyika kusikiliza. Hakuna aliyetaja sarufi wala sauti. Mjomba alikuwa na lalamiko moja tu: rangi ya maksai haikuelezwa sawasawa!

Tangu siku hiyo, kila ninapomhoji mtu huuliza swali moja, kisha nasubiri. Kosa la ukimya ule lilikuwa langu pia, ila yeye aliubeba mzigo wote peke yake usiku kucha.

Nawe mzazi, mwanao akirudi kutoka tamasha la muziki la shule akiwa amenuna, usimwambie ati asijali. Muulize anajilaumu kwa lipi. Likiwa deni, msaidie alilipe. Likiwa aibu tupu, mpe chakula ale, akalale. Kuna asubuhi nyingine ya kuimba.